Malori Nyuma ya Ukumbi

Mlango ulifunguka upana wa kiganja, kisha ukagonga chuma.

Hapo ndipo tulipomwacha Velma Mugeni Alhamisi iliyopita, mkono mmoja kwenye komeo, mwingine mdomoni. Alisukuma tena kwa bega. Chuma hakikusogea. Akapitisha vidole viwili kwenye ule upenyo, akagusa kitu cha mviringo, chenye vumbi, kilichopata moto wa jua. Juu yake paliandikwa kwa rangi nyekundu neno moja aliloweza kulisoma lote: HATARI.

Lilikuwa tangi la lori la mafuta. Limeegeshwa likabana mlango wa dharura mpaka mtu hawezi kupita.

Kupitia upenyo huo huo ikaingia harufu ya petroli.

Kwa aliyetukuta njiani, mambo yako hivi. Velma, miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa mtaa wa Burumba hapa Busia, ni mratibu wa kamati inayotaka Busia na Malaba zipewe Kongamano la Wafanyabiashara wa Mipakani. Wageni elfu moja na mia mbili, siku nne, kutoka nchi nane. Kisumu nayo inalitaka. Aliyetumwa kukagua ni mama mmoja mkimya kutoka Arusha, Bi Mubaraka, na leo ndiyo siku ya majaribio. Kina mama wafanyabiashara mia tatu wameitwa wakae katika ukumbi mpya wa hoteli ya Lango kana kwamba kongamano limeanza. Bi Mubaraka yuko safu ya mbele na penseli yake, anatazama kama mji huu unaweza.

Juzi, akikagua vyumba vya wageni kule Malaba, Bi Mubaraka alisimama mlangoni pa hoteli akaitazama foleni ya malori. Alisema maneno machache tu.

"Wageni wangu wataona malori. Mji hawatauona."

Leo asubuhi barabara ya Busia ilikuwa tupu. Hata lori moja halikuonekana. Velma alifurahi, wala hakujiuliza yamekwenda wapi.

Sasa alijua.

Aliurudisha mlango polepole. Nyuma yake mzungumzaji alikuwa akieleza ushuru wa mahindi, na kina mama wakiandika. Hakuna aliyegeuka. Aliyekuwa akimtazama ni Wandera, mlinzi wa ukumbi, mtu mzima aliyevaa koti la bluu linalomzidi.

"Wandera, nani ameweka lori hapa?"

"Mzee alisema waingize alfajiri. Ziko kumi na moja."

"Huu si ni mlango wa dharura?"

"Mimi niliambia yeye. Akasema leo dharura haiko."

"Tutumie ule wa kushoto, basi."

Wandera akainamisha macho, akawa anatazama viatu vyake.

"Nimefunga na mnyororo, madam. Wachuuzi walikuwa wanaingia kuona mgeni. Wa kulia pia nimefunga."

"Ufunguo uko wapi?"

"Iko kwa Mzee."

Milango minne, na uliobaki ni mmoja, wa mbele. Na kuufikia huo lazima upite ujia mwembamba unaopakana na jikoni, ambako majiko saba ya makaa yalikuwa yakipika chakula cha watu mia tatu.

Velma alitembea kando ya ukuta hadi mbele. Hakukimbia. Mtu akikimbia ukumbini, wote huinua vichwa.

Mzee Osukuku, mwenyekiti wa kamati na mwenye hoteli ya Lango, alikuwa ameketi viti viwili kutoka kwa Bi Mubaraka. Alikuwa na tabasamu lile analolivaa tangu asubuhi. Velma aliinama sikioni mwake.

"Mzee, naomba tuzungumze kidogo."

"Zungumza."

"Si hapa."

Mzee alimfuata hadi nyuma ya pazia la jukwaa. Pale tabasamu likamtoka.

"Mzee, kuna lori la mafuta limeziba mlango wa nyuma. Na milango ya pembeni ina minyororo."

"Najua. Mimi ndiye niliyesema."

"Kuna watu mia tatu ndani."

"Kwa saa mbili tu. Mgeni akishakula, atapelekwa Sio Port kuona ziwa. Malori yatarudi barabarani kabla hajageuka. Kwani wewe ulitaka nifanye nini? Alisema hataki kuyaona. Hayaoni."

"Nanusa petroli, Mzee."

"Lori la mafuta linanuka petroli. Ungetaka linuke nini?"

"Nipe funguo nifungue hata mlango mmoja."

Osukuku alitikisa kichwa. Alikuwa mzee wa maneno laini, na maneno yake yalipozidi kuwa laini ndipo watu walipomwogopa.

"Binti yangu, umefanya kazi hii miaka miwili. Shangazi yako Roselida ameongeza vyumba sita kwenye nyumba yake ya wageni pale Burumba. Hawa kina mama wamejifunza hata salamu za Kifaransa. Wewe sasa unataka kufungua mlango mbele ya mgeni, aone minyororo, aone malori, aandike. Ukifanya hivyo, jioni utakwenda wewe mwenyewe kuwaeleza."

Akarekebisha tai yake. Akarudi kukaa.

Velma alibaki nyuma ya pazia. Alikuwa na hofu, na hofu hiyo ilikuwa na sehemu mbili. Aliogopa ile harufu. Na aliogopa vilevile, ingawa aliona aibu kukubali, kwamba Mzee alisema kweli. Huenda ni harufu tu. Huenda saa mbili zingepita, mgeni angekula, angeondoka na picha nzuri ya mji.

Kisha akakumbuka vidole vyake kwenye lile tangi, na ule upenyo usiopitisha hata mtoto.

Alitoka kwa mlango wa mbele, akazunguka jengo.

Uani palikuwa pamejaa. Malori kumi na moja yamepangwa pua kwa mkia. Mtu alipita kwa ubavu tu kati ya lori na ukuta. Madereva hawakuwapo. Isipokuwa mmoja, mwanaume wa makamo mwenye kofia ya kufumwa, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi ya lori la mafuta akila chapati. Aliitwa Sulaiti, na alikuwa akiendesha njia ya Kampala na Kisumu kwa miaka kumi na tisa.

"Ndugu yangu, hili lori ni lako?"

"Ni langu, nyabo," alijibu, akimwita bibi kwa lugha ya Uganda.

"Tafadhali lisogeze. Umeziba mlango."

"Nitasogeza wapi? Mbele nimefungiwa, nyuma nimefungiwa. Wenzangu wamevuka ng'ambo kula. Walituambia mpaka saa nane."

"Lori lako linavuja petroli."

Sulaiti aliacha kutafuna.

"Hapana, nyabo. Hii yangu iko tupu. Mafuta nilishusha Kampala jana. Narudi Kisumu kupakia."

"Tupu?"

"Tupu. Ingawa tangi tupu si kitu ya kuchezea, mvuke inabaki ndani. Lakini yangu imefungwa vizuri. Haitoi harufu."

"Basi ya nani inanuka?"

Sulaiti alishuka. Akavuta pumzi. Akaenda lori la pili, lilikuwa la saruji. La tatu, mitumba. La nne, mayai kutoka Uganda. Alitembea akinusa, akarudi, akapiga magoti karibu na msingi wa ukumbi. Pale chini ya ukuta palikuwa na tundu dogo la hewa lililozibwa kwa wavu. Aliinama hadi uso ukakaribia ardhi, kisha akajivuta nyuma haraka kama aliyepigwa.

"Nyabo, inatoka hapa."

"Hapo? Hilo ni tangi la maji. Liko chini ya sakafu. Mzee alituonyesha kwenye ramani."

"Hii si maji."

Velma alipiga magoti kando yake. Hewa iliyotoka kwenye lile tundu ilikuwa nzito na tamu, ikamkwaruza koo mpaka macho yakatoa machozi. Juu yake, upande wa pili wa ukuta, alisikia kina mama wakimpigia mzungumzaji makofi.

Walikuwa wamekaa juu yake. Wote mia tatu.

"Mafuta ya magendo," Sulaiti alisema kwa sauti ndogo. "Hapa mpakani watu wanaficha kwa nyumba, kwa shamba. Lakini mimi sijaona mtu wa kuficha chini ya watu."

Kabla Velma hajajibu, sauti ya kipaza sauti ndani ya ukumbi ikakatika katikati ya neno.

Feni zikanyamaza. Redio ya kinyozi ng'ambo ya barabara ikanyamaza. Stima ilikuwa imepotea.

Velma akaruka kusimama. Jana yake tu alikuwa amemwambia Bi Mubaraka kwa majivuno kwamba Lango haikosi stima. Umeme ukiondoka, jenereta inajiwasha yenyewe kabla hujahesabu thelathini.

Jenereta ilikuwa ndani ya kizimba cha wavu. Hatua nne kutoka kwenye lile tundu.

Alikimbia. Mlango wa kizimba ulikuwa umefungwa kwa waya uliosokotwa. Vidole vyake viliteleza. Sulaiti akamsukuma pembeni kwa kiwiko, akaushika waya kwa mikono miwili, akausokota kinyume, ukaachia. Velma alijitupa ndani. Swichi, swichi iko wapi. Aliona taa ndogo ya kijani ikianza kumetameta, akasikia mashine ikivuta pumzi yake ya kwanza ndani ya chuma.

Akaikamata swichi, akaizungusha hadi mwisho.

Taa ya kijani ikazimika.

Walisimama pale wakipumua. Jasho lilimtiririka Sulaiti kutoka chini ya kofia.

"Jikoni kuna moto," Velma alisema. "Majiko saba. Nenda uwaambie wapishi wamwage maji, wasiulize."

"Wakiuliza?"

"Waambie wewe ni dereva wa mafuta na umenusa. Watakuamini kuliko mimi."

Sulaiti aliondoka mbio. Velma alirudi mlango wa mbele, na njiani aliwaza jambo moja tu. Watu mia tatu, mlango mmoja, ujia mwembamba. Akitamka neno petroli, watakanyagana. Watakufa mlangoni kabla ya moto wowote.

Ukumbi ulikuwa na giza kidogo na joto jingi. Kina mama walijipepea kwa karatasi za ratiba. Osukuku alikuwa amesimama akiomba radhi, akisema jenereta inakuja sasa hivi.

Velma alikwenda safu ya tatu alikoketi shangazi yake Roselida, mama mnene, muuzaji wa nguo anayejulikana pande zote mbili za mpaka kwa sauti yake.

"Shangazi, nisikilize, usibadilishe uso."

Roselida hakubadilisha uso.

"Nataka usimame, uanzishe wimbo wa chama chenu, utoke nje ukiimba. Safu yako ikufuate. Uwapeleke mbali, uwanja wa mpira, uvuke barabara kabisa."

"Kuna nini?"

"Nitakuambia huko."

Roselida alimtazama mara moja tu. Alikuwa amemlea tangu akiwa na miaka mitano, na aliujua uso ule. Akachukua mkoba wake.

Velma akapanda jukwaani. Bila kipaza sauti ilibidi atoe sauti tumboni.

"Mama zangu, kwa kuwa stima imepotea, hatutapoteza muda. Tunatoka nje kupiga picha ya pamoja. Safu moja baada ya nyingine, bila kusukumana. Acheni vitabu. Safu ya tatu wataanza kwa sababu wana mwimbaji."

Kicheko kidogo kikapita ukumbini. Roselida alisimama, akaanza kuimba. Sauti yake ilijaza ule ukumbi uliokufa. Safu ya tatu ikanyanyuka, ikafuata. Kisha ya nne. Kisha ya pili.

Thelathini walitoka. Arobaini. Velma alikuwa akihesabu kwa midomo.

"Mama zangu, rudini mkae."

Osukuku alikuwa amesimama mlangoni, mikono imetandazwa, tabasamu limerudi mahali pake.

"Picha ni saa nane, baada ya chakula. Binti yetu amechanganya ratiba. Rudini, jua ni kali."

Wimbo uliendelea huko nje, lakini ndani watu walisimama. Waliokuwa kwenye ujia walitaka kwenda mbele, waliokuwa nyuma walianza kurudi. Mama mmoja akakanyagwa mguu akalalamika. Minong'ono ikaanza kupanda. Velma aliona kile alichokiogopa kikianza mbele ya macho yake, na hakuwa na uongo mwingine.

Bi Mubaraka akainuka.

Alikuwa mrefu kuliko walivyodhani. Alikuja na kijitabu chake mpaka chini ya jukwaa.

"Ratiba ninayo," alisema. "Picha haimo hata saa nane. Velma, kwa nini unawatoa watu?"

Osukuku alikuwa akimtazama kutoka mlangoni. Velma aliona miaka miwili. Aliona barua alizoandika usiku na mchana, vyumba sita vya shangazi yake, mafundi waliopaka rangi maduka bila kuombwa. Angeweza kusema ni joto. Angeweza kusema ni hewa safi.

Alishuka jukwaani, akasimama karibu naye.

"Chini ya sakafu hii kuna petroli. Nyingi. Milango mitatu imefungwa, nyuma kuna malori tuliyokuficha usiyaone. Nikisema kwa sauti watauana pale mlangoni."

Bi Mubaraka alikitazama kile kijitabu, akakifunga, akachomeka penseli ndani yake.

Akawageukia kina mama.

"Mimi ndiye mgeni, na mimi nataka picha yangu sasa. Jua la saa nane linanifanya nionekane mzee. Twendeni, wapendwa. Wanaoishi mbali watangulie."

Akamshika mkono mama wa karibu, akatangulia naye. Alipofika mlangoni, Osukuku hakuwa na njia ila kusogea. Mtu hawezi kumzuia mgeni wake mwenyewe.

Walitoka. Safu kwa safu, ujia mzima, wakipita jikoni ambako wapishi walikuwa wamesimama midomo wazi mbele ya majiko yaliyolowa, mvuke ukipanda. Sulaiti alikuwa mlangoni pa jikoni na ndoo mkononi, akimwambia kila aliyepita, pole pole, nyabo, pole pole.

Velma alibaki wa mwisho na Wandera. Walipita kila safu, wakaangalia vyooni, nyuma ya pazia. Walimkuta mama mmoja mzee amerudi kutafuta miwani. Wandera akambeba mgongoni bila kumwomba ruhusa.

Walipovuka barabara, Velma aliketi nyasini.

Mia tatu. Wote. Na wapishi, wahudumu, mzungumzaji wa ushuru wa mahindi. Aliwahesabu mara mbili.

Lango ilisimama peke yake ng'ambo, nyeupe, mabango ya makaribisho yakipepea. Hakuna kilicholipuka. Jengo lilikaa tu, kimya, na ukimya huo ulimtisha kuliko kelele.

Zimamoto walifika saa saba. Walikata minyororo, wakasogeza malori moja moja kwa mikono na kamba bila kuwasha injini. Walipofungua kifuniko cha sakafu nyuma ya jukwaa, aliyeingia alitoka baada ya dakika mbili na kuomba maji. Mapipa, alisema. Hakuweza kuyahesabu. Matatu yalikuwa yamepasuka na petroli ilikuwa imefika kwenye vifundo vya miguu.

"Jenereta ingewaka," alimwambia Velma, kisha hakumaliza.

"Mzee Osukuku yuko wapi?" mtu aliuliza.

Hakuna aliyejua. Wandera alisema alimwona akitembea upande wa mpaka, hana haraka, akiongea kwa simu.

"Amevuka," Roselida alisema. "Mpaka ni hapo tu. Saa hizi yuko Uganda anakunywa chai."

Kina mama walikuwa wamejua sasa. Wengine walilia, wengine walipiga simu nyumbani. Mmoja alimjia Velma akamshika kichwa kwa mikono miwili.

Bi Mubaraka alikuja akaketi nyasini kando yake, na nguo zake nzuri.

"Tumelikosa kongamano," Velma alisema.

"Uamuzi si wangu peke yangu. Nitaandika nilichokiona. Nimeona ukumbi ambamo singemweka hata mbuzi. Nimeona pia watu mia tatu wakitoka mlango mmoja bila mtu kuumia, na hilo sijaliona katika mji wowote."

"Asante," Velma alisema.

"Lakini kuna jambo," Bi Mubaraka aliendelea, polepole zaidi. "Ombi lenu lilikuja kwetu na viambatisho. Nilikuwa navyo kwenye mkoba tangu Arusha. Nimevisoma vyote kwa makini sasa hivi tu."

Alimpa karatasi moja. Ilikuwa na nembo ya kamati. Cheti cha usalama wa ukumbi. Kilisema kwamba ghala la chini limekaguliwa, ni salama kuhifadhi mafuta, na kwamba mtu mmoja anabeba dhamana ya ghala hilo na funguo zake zote.

Jina lililopigwa chapa chini lilikuwa Velma Mugeni. Juu yake palikuwa na sahihi.

Ilikuwa sahihi yake. Ile M yenye mkia mrefu, kituo baada ya jina la pili.

"Sijawahi kuiona karatasi hii," alisema.

"Umeweka sahihi karatasi ngapi za kamati?"

Velma alijaribu kuhesabu. Mamia. Mzee alikuwa akizileta zimepangwa, zimekunjwa, akimwonyesha kwa kidole mahali pa kuandika.

Bi Mubaraka alitazama gari la polisi lililokuwa likiegesha kando ya uwanja.

"Mimi nitalazimika kuitoa wakiniuliza. Sitasema uongo. Lakini bado hawajaniuliza."

Mpaka ulikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Velma alikuwa na ndugu Tororo, upande wa Uganda, alikuwa na viatu vya kutembelea. Alimwona shangazi yake akimtazama kutoka mbali, amekunja uso.

Alisimama, akakung'uta nyasi kwenye sketi yake.

"Usingoje wakuulize," alisema. "Nipe. Nitawapelekea mwenyewe, niwaeleze alivyofanya Mzee kabla hajafika mbali."

Alivuka uwanja na karatasi mkononi. Afisa aliyeshuka garini alijitambulisha kama Inspekta Otukei. Alikuwa kijana, mpole, amevua kofia kwa ajili ya joto.

"Afande, naitwa Velma Mugeni. Nataka kuandikisha taarifa juu ya Mzee Osukuku. Amevuka kwenda Uganda, mkipiga simu sasa mtamkamata."

Inspekta hakutoa kalamu. Alimtazama kwanza yeye, kisha karatasi aliyoishika, kisha uso wake tena. Afisa mwingine alikuwa ameshuka upande wa pili wa gari na kuja kusimama nyuma ya Velma, karibu kabisa.

"Mzee Osukuku hajavuka popote, dada," Inspekta alisema. "Yuko kituoni kwetu tangu saa saba. Ndiye aliyetuita. Amesema tukifika hapa tutakukuta, na kwamba utakuwa umeishika hiyo karatasi."